Leseni ya Mama Mikate

Alhamisi, 6 Machi

Mjinga wewe! Miaka sabini na minne, makosa ya watu unayaona hata gizani, tarehe kwenye kadi yako mwenyewe hujaisoma. Ukome sasa kuwaita wenzako wazembe.

Trafiki kanisimamisha leo pale darajani. Kijana, ndevu zake bado hazijaamua. Nikampa leseni, injini inanguruma, najua naondoka sasa hivi. Akaitazama. Akanitazama. Akaitazama tena. Akasema, bibi, hii imekufa miaka miwili iliyopita. Nikamwambia asome vizuri, leseni ni ya miaka mitano. Akanionyesha kwa ukucha. Aliyefika sabini anapewa miwili tu. Imeandikwa hapo nyuma, herufi kama mayai ya chawa.

Kwa hiyo miaka miwili nimeendesha bila leseni. Mimi! Niliyebeba mikate ya kiwanda miaka ishirini na sita, sijagonga hata kuku.

Hakuniandikia kosa. Aliuliza kama nina mtu wa kuja kulirudisha gari. Nikasema ninaye. Nikampigia mwanangu. Hakupokea. Nikapiga tena, huku kijana kasimama hapo ananitazama kwa huruma — sipendi huruma. Mwishowe akaendesha yeye mwenyewe mpaka nyumbani, mwenzake nyuma kwa pikipiki. Njia nzima anakanyaga breki kama anaua mende. Nikamwambia, mikate ingekuwa huko nyuma ingefika makombo. Akacheka. Mimi sikucheka.

Ilikuwa Alhamisi. Siku ya dada.

Kilomita arobaini kule mlimani, peke yake. Hasikii tangu tuko wadogo. Homa ilimwachia kila kitu ikachukua masikio. Simu kwake ni kipande cha plastiki. Kusoma hakuna aliyemfundisha. Kila Alhamisi, miaka tisa sasa tangu niache kazi, nafika kwenye kona ya juu, inayotazamana na nyumba yake. Nasimama. Nawasha taa mara tatu. Yeye yuko barazani ananingoja, anainuka, anaingia kubandika chai. Nikifika ipo tayari.

Leo hakuona taa.

Ijumaa, 7 Machi

Ofisi ya leseni. Benchi, namba, feni inayozungusha joto lile lile. Karani ni binti wa kucha ndefu, anabofya kama kuku anadonoa. Akasema leseni ikishapita mwaka mmoja mtu anaanza upya. Mtihani wa nadharia, halafu macho. Nikauliza nadharia ndiyo nini. Akasema ni maswali ya kwenye kitabu, bibi, unajibu kwenye kompyuta. Nikamwambia mtihani huo nimeufanya kila siku saa kumi alfajiri, mvua na matope. Akasema, huo haumo kwenye mfumo.

Haumo kwenye mfumo. Nimetembea na neno hilo mpaka nyumbani.

Maswali thelathini. Upate ishirini na sita. Shule mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza.

Kitabu wamenipa. Jalada la bluu, picha ya familia inacheka ndani ya gari. Baba, mama, watoto, meno yote nje. Sijaona watu wanacheka hivyo ndani ya gari.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu kaja na mkewe. Matunda kwenye mfuko, mkoba mkewe hata hakuuweka chini. Mwanangu akalizunguka gari mara mbili, anapiga teke magurudumu kama mnunuzi. Halafu ikatoka: mama, hili gari ungeliuza, kuna mtu ofisini kwetu analitaka. Nikamwambia amwambie huyo mtu akatafute la mama yake.

Kuhusu mamkubwa wake, akasema nisijali. Alhamisi atanipeleka yeye. Nikamtazama. Akasema, kweli, mama.

Wakati wanatoka nilikuwa jikoni, dirisha wazi. Mkewe anamuuliza kwa nini kanilipia mtihani kama hataki niendeshe. Akamjibu, mwache ajaribu, akianguka ataacha mwenyewe, hatutagombana.

Nimeosha vikombe vyao viwili. Nikaviosha tena.

Alhamisi, 13 Machi

Saa mbili nimevaa. Saa tatu nimekaa kitini, mkoba mapajani. Saa tano ndiyo simu inaita: kikao, mama, wiki ijayo. Nikasema sawa. Sikumkaripia. Anayenijua anajua nikinyamaza hivyo pameharibika, lakini huyu hanijui tena, alishafunga simu.

Nikatafuta teksi. Dereva akauliza ni wapi, nikamwambia. Akasema gari lake bado analipenda. Basi linaishia njia panda, kutoka hapo kilomita kumi na moja za kupanda, na magoti yangu haya. Nikakaa.

Nikampigia mwenye duka jirani na dada. Amweleze kwamba nimezuiliwa, siumwi, nitakuja. Baadaye akapiga: alimwonyesha kalenda, akamwonyesha vidole, akamchorea gari akalikata mstari. Dada akatazama ile karatasi. Akaenda akakaa barazani kama kawaida.

Gari limekatwa mstari! Sasa atadhani nimekufa ndani yake. Watu hawana akili kabisa.

Jumatatu, 17 Machi

Fundi viatu anakaa nje ya geti langu, upande wa kushoto ukitoka, kwenye stuli yake ya miguu mitatu. Mwaka wa kumi na moja huu. Sikuwahi kumkaribisha, sikuwahi kumfukuza. Leo kaniona barazani nalumbana na kitabu, akasema, Mama Mikate, lete nikuulize, mikono ndiyo inashona, mdomo hauna kazi.

Nikatoa kiti nje. Anasoma kwa haraka, kumbe. Sikujua.

Akauliza taa ya njano ikiwaka nafanya nini. Nikamwambia inategemea nyuma yangu kuna nini.

"Kitabu hakikuulizi nyuma."

"Basi kitabu hakijabeba mkate."

Nikamweleza. Trei kumi na mbili, moja juu ya mwenzake, mkate wa moto, laini. Mkate haufungi mkanda. Ukikanyaga breki ghafla unasikia huko nyuma — pwaa! — na duka la kwanza linakurudishia nusu. Marehemu mume wangu ndiye aliyenifundisha, kwenye uwanja wa kiwanda: usisimame kwa mguu, simama kwa macho. Uone mbali, uanze mapema, abiria wako asijue kama umesimama. Alipofariki wakanipa gari lake. Walidhani nitaliweza mwezi mmoja.

Fundi akasema yote hayo ni mazuri, lakini jibu ni B.

Kwenye umbali wa kusimama tumeelewana. Mimi mita sizijui, mimi najua magari. Kwa mwendo ule wa mjini nahitaji magari matano ya mikate, kichwa kwa mkia. Akapiga hesabu kwa futi yake ya kupimia nyayo, akafungua nyuma ya kitabu, akanitazama. Akasema imekaribia sana. Imekaribia nini? Kitabu ndicho kilichokaribia.

Nilicheka leo. Naandika kwa sababu nimekumbuka kwamba nilicheka.

Saa kumi na moja anakusanya gundi na nyuzi, anaenda kwake. Baada ya hapo nyumba inaanza kusikika. Friji. Bomba la jikoni. Mimi nikifunua ukurasa. Picha za upande wa kushoto inabidi nigeuze kichwa ndiyo zikae sawa. Taa ya sebuleni haina nguvu. Nitabadilisha globu.

Alhamisi, 20 Machi

Wiki ijayo imefika. Safari hii mtoto ana mafua.

Globu nimebadilisha. Ni ile ile.

Jumanne, 25 Machi

Nimeanguka.

Ishirini na tatu. Chumba cha baridi, kompyuta kumi na mbili, vijana wote, mmoja alinipisha mlangoni akidhani nimemleta mjukuu. Ile kompyuta unaigusa kwenye kioo. Naigusa — kimya. Naigusa — kimya. Vidole vyangu vimeungua na trei miaka yote ile, kioo hakivijui. Msimamizi akaja akasema niguse kwa pembeni ya kidole, hapa kwenye ngozi laini. Dakika nane zimekwenda nikitafuta ngozi laini mwilini mwangu.

Mengine nilikosa kwa haraka. Moja nalikumbuka vizuri. *Dereva akigundua kwamba haoni sawasawa, afanye nini?* A, aongeze mwanga. B, apunguze mwendo. C, asiendeshe mpaka apimwe. Nikagusa B. Sikufikiri hata kidogo. Ndivyo ninavyofanya.

Karani wa kucha akasema naweza kurudia baada ya wiki mbili. Akasema pole, bibi. Kwa sauti nzuri tu. Nikamwambia kucha zake zitamwingia machoni siku moja. Halikuwa neno la kumwambia mtu.

Mwanangu kapiga jioni. Nimesikia jinsi anavyozuia pumzi. Akasema umejitahidi sana, mama, kwa umri wako. Nikamwambia narudia tarehe nane.

Simu ikafa hapo hapo. Salio lake liliisha, au alikata, sijui.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimekwenda kumngojea dereva wa lori la maziwa kwenye kituo cha mafuta, maana yeye hupita kule mlimani kila siku. Kubeba mtu haruhusiwi, kampuni inamfukuza, na kiti cha pili kimejaa mabomba. Nilitaka tu habari. Na kumpa sabuni na sukari amfikishie dada.

Akasema, yule bibi wa barazani? Namwona. Siku nyingine simwoni, ila Alhamisi yupo. Sasa hakai tena barazani, ameleta kiti mpaka barabarani. Kajifunga kitambaa kipya. Anatazama ile kona.

Kisha akasema jambo. Alhamisi iliyopita, pale kwenye kona, ng'ombe waliziba njia. Akawawashia taa. Mara moja, mara mbili, mara ngapi hakumbuki. Akashuka mteremko akapita mbele ya nyumba. Kiti kiko wazi barabarani. Dada yuko mlangoni, birika mkononi, anatazama lori. Anatazama dirisha la upande wa pili, kama kuna mtu amekaa.

Dereva akasema, alinipungia, basi nami nikampungia.

Nimerudi nyumbani. Nimefungua kitabu ukurasa wa kwanza.

Jumatano, 2 Aprili

Fundi ananiuliza, najibu. Siongezi neno. Akasema, Mama Mikate, leo hubishani, unaumwa? Nikamwambia soma.

Nimeacha kueleza ninavyofanya. Naeleza wanavyotaka.

Jumanne, 8 Aprili

Ishirini na nane!

Ngozi laini niliiandaa, nililoweka vidole usiku kwenye maji ya moto na mafuta. Lile swali la macho limerudi, na picha nyingine. C. Nikagusa C, kompyuta ikasema sahihi.

Karani wa kucha alipiga makofi madogo kwa vidole viwili, kwa sababu ya kucha. Nikamwomba radhi kwa lile neno. Akasema amezoea, hapa kila mtu humwambia kitu.

Sasa hili naandika kwa sababu hakuna anayesoma.

Vipimo vya macho ni chumba cha pili, mlango hawafungi. Benchi la kusubiri liko karibu. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja, kazi yake ushonaji, sauti ya kengele. Jicho la kulia, akasoma. Jicho la kushoto, akasoma. Mistari mitano. Herufi moja moja.

Mimi kwenye mikate oda sikuziandika, kuandika kwangu kulikuwa kwa pole pole na maduka hayangoji. Duka linasema, nashika. Maduka thelathini na nne kichwani, kila siku, na kila siku oda nyingine. Kwa hiyo herufi ishirini na tano za mzee ni nini kwangu? Kabla hajainuka kitini nilikuwa nazo zote, kwa mpangilio.

Jicho la kulia nilisoma kweli.

La kushoto niliona ukuta mweupe na moshi katikati. Nikasoma mistari mitano bila kukwama. Muuguzi akasema, mashaallah, bibi, unanishinda mimi. Akapiga muhuri.

Nilitoka nje nimenyoosha mgongo. Mpaka kwenye ngazi. Upande wa kushoto wa ngazi niliupapasa kwa mkono.

Alhamisi, 10 Aprili

Kadi haijatoka. Wiki moja, wanasema. Nimeosha gari. Nimejaza maji, nimepima mafuta ya injini, upepo. Nimefuta kioo cha pembeni cha kushoto mpaka kikalia. Bado kina moshi.

Kioo ni kizima. Najua kioo ni kizima.

Jumatano, 16 Aprili

Kadi ninayo. Picha mbaya, nimenuna kama nimeibiwa. Mwisho wake mwaka kesho kutwa — nimesoma tarehe mara tatu.

Saa tisa alasiri nikasema nikaweke mafuta, kesho niondoke mapema. Nikawasha. Nikaita fundi anifungulie geti, hakujibu. Nikafungua mwenyewe. Nikatoka pole pole, kiungwana, nikatazama kulia, nikatazama kushoto, kwenye kioo, kwa kugeuza kichwa, kila kitu kama kilivyo kitabuni. Njia nyeupe. Nikakata kona.

Pwaa.

Nilijua hata kabla sijasimama. Mguu ulikuwa umeshakanyaga kama wa yule trafiki. Nikashuka. Nimelizunguka gari mikono juu ya bodi, siwezi kusema nilikuwa nasema nini.

Stuli. Miguu mitatu, yote imekatika. Kiatu cha shule cha mtoto wa watu kiko chini ya gurudumu, sindano bado imechomekwa. Gundi inatiririka.

Fundi alikuwa ng'ambo, amekwenda kuchukua chai. Kasimama na kikombe chake, amenitazama.

Miaka kumi na moja mtu yule anakaa pale. Pale pale.

Akavuka. Akaokota vipande, akasema stuli yenyewe ilikuwa mbovu, alikuwa anatafuta sababu ya kuitupa. Akasema asante, Mama Mikate. Nilimwambia anyamaze. Akaniuliza kama nataka akae nami kidogo. Nikasema hapana. Akakaa.

Gari amelirudisha ndani yeye, kwa kulisukuma, mimi nashika usukani. Hajui kuendesha. Mwezi mzima ananifundisha kitabu na hajui kuendesha.

Saa kumi na mbili nilimpigia mwanangu. Alipokea. Nikamwambia leseni nimepata. Akasema hongera, mama — sauti yake imeanguka. Nikasema, kesho njoo uendeshe wewe.

"Kwa nini mimi, kama leseni unayo?"

"Kwa sababu fundi alikwenda kuchukua chai."

Hakuelewa. Ikabidi nimweleze: jicho, herufi za mzee, stuli. Nilieleza yote, nimesimama jikoni, kama mtoto mbele ya mwalimu. Sijamwomba mtu kitu tangu baba yake afariki, na sikuomba hata hapo, niliagiza, lakini yeye amenijua mama yake. Nikamsikia mkewe nyuma anauliza kuna nini.

Akasema ataangalia ratiba yake. Nikasema usiangalie. Njoo. Saa mbili.



Alhamisi, 17 Aprili

Saa moja na nusu niko ndani ya gari. Kiti cha kushoto. Sijawahi kukaa kiti hiki tangu nilinunue. Kina vumbi ambalo kitambaa changu hakijawahi kulifikia. Usukani uko mbali kweli ukiutazama kutoka huku. Naandikia magotini.

Ufunguo umechomekwa. Geti liko wazi. Leseni nimeiweka juu ya dashibodi, kifudifudi.

Fundi amefika. Na kiti kipya, cha chuma. Amesimama pale na hicho kiti mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaenda akakiweka upande wa kulia wa geti. Ameanza kushona kile kiatu cha mtoto.

Saa mbili kamili.

Saa mbili na robo. Kule mlimani kiti kimeshawekwa barabarani.

Saa mbili na dakika ishirini na tano. Gari moja limepunguza mwendo hapo nje. Limepita. Lingine linakuja, au ni lile lile linatafuta mahali pa kugeuzia. Fundi ameinua kichwa. Mimi sigeuki, na upande huo hata nikigeuka ni moshi.

Ukiwa ni wewe, mwanangu, sikiliza, nitasema mara moja tu. Miwani yako uivae. Kwenye daraja shika gia ya pili, usiue mende. Ukifika kona ya juu, honi usiguse, hakuna wa kuisikia. Simama kabisa. Taa za mbali, si za karibu. Mara tatu. Halafu usiondoke. Ngoja mpaka umwone ameingia ndani.